Puto Jeupe Juu ya Nyumba ya Bibi Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa hapa Mwanza alinipeleka moja kwa moja nje, kwenye majani kando ya njia ya ndege, akanionyesha thiodolaiti, yaani darubini ya kupimia pembe. Mimi msichana wa Kijita kutoka Mara nilidhani kazi ingekuwa kutazama mawingu. Kumbe tulitazama puto la mpira lililojazwa gesi likipanda, na kwa jinsi lilivyosukumwa tukajua upepo wa juu unaelekea wapi, ili marubani waambiwe.

"Likikupotea, andika limepotea," alisema. "Ukiandika limeingia kwenye wingu, uwe umeliona likiingia. Hapa hatubuni."

Alikuwa mkali yule mzee, na kwa muda mrefu sikumpenda.

Anga likiwa la buluu tulirusha puto jeupe. Penye mawingu, jekundu au jeusi. Lile jeupe likifika juu na kupigwa na jua hung'aa kama sufuria mpya. Soko huria lilipotuletea viwanda vya minofu ya sangara, na ndege za mizigo kwa ajili yake, simu kutoka mnara wa kuongozea ndege zikawa haziishi: rubani ameona tufe la chuma. Mara nyingi lilikuwa letu, nasi tulisema hivyo.

Kisha siku moja mtendaji wa kata kutoka Sengerema alivuka na kivuko, akaja ofisini. Katika kijiji kimoja cha kwake watu walikuwa wakiona tufe la fedha likisimama juu ya nyumba ya mjane aitwaye Bibi Kabula. Jirani yake, Masanja, alikuwa amefiwa na ng'ombe wake, na watu walishaamua kwamba bibi ndiye anayelituma kwa uchawi. Walimtaka ahame. Zama zile, bibi kizee akishatajwa hivyo, kuhama ndiko kulikuwa nafuu yake; wengine waliuawa. Mkuu wa kituo alinituma mimi, na mtungi wa gesi, puto na thiodolaiti.

Njiani mtendaji aliniomba, "Dada, we sema yote ni maputo yenu. Tumalize."

Mkutano ulifanyika asubuhi, uani kwa bibi mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akinisogezea kigoda.

Nilijaza puto jeupe nikampa Masanja alirushe yeye. Asubuhi upepo wa chini hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na puto likafuata njia hiyo.

"Mbona linarudi kwenu Mwanza?" Masanja alicheka.

Niliwaambia wasubiri. Lilipopanda zaidi lilikutana na upepo wa juu unaotoka upande wa Mwanza, likageuka, likaja kutupita juu ya vichwa, liking'aa, likielekea kinyume na moshi wa jikoni. Baadaye likaonekana limesimama. Nikawaeleza kwamba likiwa juu sana, na likikuacha moja kwa moja huku linapanda, jicho halioni mwendo wake. Walilitazama kwa zamu kwenye thiodolaiti, na sauti zikaanza kulegea.

Masanja hakulegea. "Na lile la Ijumaa, siku ng'ombe wangu wa mwisho alipokufa? Nalo lenu?"

Wiki ile kituoni hatukuwa na gesi. Mtendaji alinikazia macho. Niliogopa sana, na neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Hapana," nikasema. "Wiki ile hatukurusha puto. Sijui lilikuwa nini."

"Basi ni la huyu!"

"Masanja, puto likinipotea siandiki kwamba jirani kaliiba. Naandika limepotea. Nimesema sijui, sikumtaja Bibi Kabula. Wewe ulimwona akilirusha, kama ulivyorusha hili?"

Aliutazama mkono wake.

"Sikumwona," alisema mwishowe.

Mtendaji akafunga mkutano harakaharaka. Bibi Kabula alinishika kanga. "Umeniweka roho mkononi, mwanangu." Nilimwambia hata mimi yangu ilikuwa hukohuko. Hakuhamishwa.

Sasa nimestaafu. Wajukuu hunionyesha video kwenye simu: bibi, tufe hili la chuma ni puto? Nauliza upepo wa juu ulielekea wapi, jua lilikuwa upande gani, nani alirusha nini siku hiyo. Mengi yanaelezeka kwa puto. Mengine nawajibu sijui, nao hununa, wakidhani ni uzee.

Bibi Kabula alifariki kwa uzee, nyumbani kwake. Nilivuka kwenda kuzika. Masanja, naye mvi tupu, alikuwa ndani ya kaburi na jembe. Aliponiona alisimama.

"Dada, lile la Ijumaa mlishalijua?"

"Bado."

"Hata mimi sijui," alisema, akainama kuendelea kuchimba.