Pembe ya Mlangoni kwa Bibi

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani Baba alipoiondoa pembe ya mlangoni kwetu, Gatete, karibu na Rumonge. Ilikuwa pembe ya fahali, imefungwa kwa kamba kwenye mwimo wa mlango, na Bibi aliamini kwamba mtu akiishika hawezi kutolewa nyumba ile kwa nguvu. Hata Baba na mdogo wake Zakaria walipokuwa watoto, aliyewahi kuishika pembe hakuchapwa. Zakaria, kwa utundu wake, aliing'ang'ania karibu kila siku.

Baba akaja kuwa katekista, na waumini wakaanza kunong'ona kwamba kwake kuna uganga. Alikuwa na Kigiriki cha maneno manne hivi alichofundishwa na padri mmoja, na alikipenda mno. Siku ya kuiondoa pembe alimpa Bibi somo zima: keras ni pembe, tena ni nguvu, tena ndiyo ile pembe ya wokovu, hata zamani mtu aliyefukuzwa alikimbilia madhabahu akashika pembe zake. Bibi alikuwa anachambua ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Basi na wao walikuwa na yao," akasema. "Ya kwetu iko na kosa gani?"

Baba akakasirika. Akaikata kamba, akaenda kuitupa pembe ziwani. Mimi nilifurahi, maana ilikuwa inanitisha.

Mwaka wa sabini na mbili ukafika. Baba mdogo Zakaria alikuwa mwalimu wa shule, na walimu na wasomi walikuwa wanachukuliwa na askari wa serikali, wasirudi. Asubuhi moja alikuja mbio, wanaume wenye bunduki wakiwa nyuma yake. Sisi tulikuwa ndani. Alipofika mlangoni mkono wake ulipanda wenyewe kwenye mwimo, ukapapasa, ukapapasa tena. Kisha akamtazama Baba. Wakamvuta hadi kwenye kamyo, lori lao lililokuwa linangoja barabarani, na hatukumwona tena.

Tulikimbilia Kigoma. Bibi hakumlaumu Baba hata mara moja, na nadhani hilo ndilo lililomtafuna zaidi. Baba aliendelea kufundisha dini, ila kila palipotajwa pembe katika Maandiko aliparuka. Nilipokuwa mtu mzima nikasoma mwenyewe habari za Yoabu, aliyeshika pembe za madhabahu na bado akauawa palepale. Nikampelekea Baba habari hiyo nikidhani ni dawa.

"Naijua," akasema. "Lakini huyo alikufa ameshika kitu. Zakaria nilimunyang'anya. Sema kweli, mwanangu, iko kosa yangu?"

Nilimpenda sana Baba. Nilijua pia kwamba bunduki zile zisingejali pembe ya mtu yeyote, na nilikusudia kabisa kumwambia hapana. Lakini sura ya baba mdogo pale mlangoni ilinijia, nikanyamaza kidogo. Niliposema hapana, Baba alikuwa ameshapata jibu.