Chupa Arobaini Uvunguni

Ufadhili ulipokwisha, nilirudi nyumbani Kanyakine na bahari kwenye katoni mbili. Zilikuwa chupa arobaini za spiriti, na ndani yake wanyama wadogo wanaokwenda popote mkondo unapowapeleka: mabuu ya kaa, konokono wenye mabawa, yavuyavu wasiozidi mbegu ya nyanya. Watafiti wa nchi nyingi walikuwa wakiorodhesha aina zao katika bahari zote za dunia. Kipande cha pwani yetu nilipewa mimi, na nilikuwa nimefika nusu. Bila chupa zile sikuwa na shahada.

Niliziweka chini ya kitanda cha mama, penye giza na baridi. Mjinga mimi! Mama yangu ni kiongozi wa akina mama kanisani, hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza, nami nikaenda kuficha spiriti uvunguni mwake.

Jumamosi nilikwenda Meru mjini kutafuta balbu ya hadubini. Niliporudi, chupa zilikuwa zimeanikwa kwenye kichanja cha vyombo, zimeoshwa kwa sabuni, zinameta. Hata karatasi za majina zilikuwa zimebanduliwa.

Harufu ikanipeleka migombani. Nilipiga magoti, nikachota udongo uliolowa kwa kijiko, nikauweka chini ya hadubini pale dirishani. Mchanga, nyuzi za majani, mguu wa siafu. Nikarudi kuchota tena, na tena, huku najua kabisa kwamba ninajidanganya. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa hadi jua likazama.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umeniua, mama!" nilifoka. "Miaka tatu ya kazi! Hizo zilikuwa wanyama za bahari, si pombe!"

Hakupandisha sauti. "Mimi nilinusa tu, nikajua ni ile kitu," alisema. "Baba yako pia alikuwa anaweka hapo chini ya kitanda. Nilikuwa naona, nanyamaza, kwa sababu ni bwana yangu. Nikanyamaza mpaka tukamzika."

Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa kwamba baba alikufa kwa nimonia.

Jumatatu nilimwandikia msimamizi wangu kwamba katoni niliziangusha mimi mwenyewe.