Sauti ya Mnada

Miaka michache baada ya Uhuru nilipanga chumba Mlalo, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa kanisa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Sikuwa na mke wala shamba. Nilipasua mbao kwa kibarua, nikahama kila nilipochoka. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe. Jioni tuliota moto pamoja, tukinyamaza zaidi kuliko kuongea.

Watu walimjua kwa mnada. Kila Jumapili baada ya ibada, ndizi, kuku na mayai yaliyotolewa sadaka yalinadiwa uani kwa kanisa, na yeye ndiye aliyenadi. Alikuwa na sauti, alikuwa na utani. Kuku huyu bado hajaposwa, alikuwa akisema, na watu walipandisha bei huku wakicheka. Aliyeshinda hakukagua alichonunua. Ilikuwa sadaka, na mzee alikuwa ameishika mkononi.

Siku moja akaja bwana kutoka Tanga, mkurugenzi wa kampuni mpya iliyouza hisa kwa mtu yeyote ili ijenge kiwanda cha kusindika matunda. Kishambaa hakukijua, akamwomba mzee asome tangazo lao mara baada ya mnada. Mzee akasoma na kutafsiri: kiwanja kimeshanunuliwa karibu na Irente, mashine imeshashushwa bandarini. Chini palikuwa na saini za wakurugenzi wawili. Watu walinunua palepale, uani. Mama mmoja alipotajiwa bei ya hisa alipandisha juu yake, kama anavyopandisha ndizi, na yule bwana akapokea. Mzee naye aliuza ng'ombe wake wa maziwa akanunua.

Mashine haikuwapo, wala kiwanja. Msimu mzima mafyulisi yalioza vikapuni watu wakisubiri lori la kiwanda. Mwishowe walishtaki, na kila kesi ilipotajwa Lushoto nilifuatana na mzee. Nilitaka kujua mtu unamkamata nani, kama aliyekudanganya ni kampuni.

Mkurugenzi alieleza kwamba kampuni ni mtu kivyake mbele ya sheria, na yeye ni mtumishi wake tu. Anayedai aidai kampuni. Mali ya kampuni ilikuwa meza na kibao cha rangi. Mwenzake alisema alitia saini bila kuuliza kwa kuwa alimwamini mwenziwe. Kisha yule wa kwanza akamnyooshea mzee kidole: watu hawakununua tangazo, walinunua sauti yake. Mzee aliinamisha kichwa, nikaona kwamba anakubali.

Hakimu alikataa. Kampuni inawajibika, alisema, lakini si blanketi la wakubwa kujifunikia. Aliyetia saini akijua ni uongo atalipa kwa mali yake mwenyewe. Aliyetia saini bila kuuliza atalipa pia, maana kuuliza ndiyo kazi aliyopewa.

"Mzee huyu alisoma alichopewa, akakiamini hata akauza ng'ombe," alisema. "Amedanganywa kama ninyi. Hadaiwi kitu."

Nilifurahi.

Jumapili iliyofuata alisimama uani, akainua mkungu wa ndizi na kutaja bei ya kuanzia. Asubuhi wote walikuwa wamemwamkia. Shikamoo haikupungua hata moja. Lakini sasa mikono ilibaki ndani ya khanga na makoti. Akajaribu utani, akasema ndizi hizi hazihitaji mashine. Hakuna aliyecheka. Nikanyoosha mkono mimi.

"Shusha, mwanangu," alisema. "Wewe unalala kwangu. Mkono wako hauhesabiki."

Ndipo akasema yule mama aliyepandisha bei ya hisa, taratibu, kama anayemwambia mgonjwa.

"Hatukudai kitu, baba. Hakimu ameshasema. Ila tukisikia sauti yako, tunaiona ile mashine."

Mzee aliuweka mkungu chini, akamwashiria mwalimu mmoja aliyekuwa karibu anadi yeye. Tukaondoka wawili. Tulipofika kwenye kona tulisikia nyuma yetu bei zikitajwa, na watu wakianza kucheka. Mzee akasimama, akatega sikio mpaka ule mkungu ukapata mtu.

"Wameuuza rahisi," alisema, akaendelea kutembea.