Nailoni ya Baba Mkwe

Mpwa wangu ni fundi wa fimbo za gofu. Kipaji hicho, bila shaka, kakitoa kwa mjomba wake. Hupunguza urefu, hubadili mpira wa kushikia, huongeza uzito kichwani kidogo kidogo mpaka fimbo na mwenyewe waelewane.

Juzi baba wa mchumba wake alileta fimbo mpya za Kijapani.

"Nimeambiwa hizi ni tamu mkononi," alisema, "mbona zinateleza kama kambare? Zirekebishe, nione kama naweza kukukabidhi binti yangu."

Kijana akapima, akakata, akaongeza uzito. Mzee akajaribu uani. Fimbo ikamponyoka, ikaenda kuning'inia kwenye kamba ya nguo.

"Bado!"

Nikamvuta mpwa wangu pembeni. "We kipofu? Huoni zimevikwa nailoni ya dukani pale anaposhika?"

"Naona, Mjomba. Lakini kasema isitolewe, zisichafuke. Nimbishie baba mkwe?"

Adabu hizo hakuzipata kwangu. Nilichukua fimbo, nikaichuna ile nailoni mbele ya mzee kama namenya ndizi.

"Wewe!" akafoka.

"Piga kwanza, mzee mwenzangu, matusi utanipa baadaye."

Akapiga. Mpira ukapaa, ukavuka ukuta kwa adabu. Mzee akaitazama mikono yake kana kwamba kapewa mipya, kisha akauliza harusi ni lini.

Nilimjibu mimi. Kijana alikuwa bado anamwomba radhi kwa niaba yangu.