Kunguruma kwa Hanki

Harufu ya manyoya ya mbwa yaliyoloa theluji wengi hawaipendi. Mimi ikinipata, hata kwenye lifti ya watu nisiowajua, nasimama. Papo hapo najiona niko sebuleni kwetu Brooklyn Center, huku Marekani, nina miaka kumi, nimelala kifudifudi kwenye zulia karibu na tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto, na ubavuni mwangu amelala Hanki, mbwa mzee, akikauka taratibu. Na nikishajiona hapo, hasira inanipanda. Nawaambia mapema ili msije mkadhani nawasimulia habari tamu ya mbwa.

Hanki hakuwa wetu tangu mwanzo. Mama alikuwa akiwauguza wazee majumbani mwao, na mmoja wao, bibi wa Kimarekani aliyependa kuimba akiogeshwa, alihamishiwa kwenye makao yasiyoruhusu mbwa. Mama alikwenda kumuaga, akarudi na mbwa. Kwa nyanya yangu kule Bungoma mbwa ana kazi ya kulinda boma, analala nje, na sijasikia mtu akimuuliza kama anaona baridi. Lakini nje kwetu mwezi wa Januari hata mlango wa gari hugoma kufunguka. Kwa hiyo Hanki akaingia ndani, na baba akatoa masharti: asipande kochi, asikanyage jikoni, asiguswe na mtu anayekwenda kula. Hanki aliyashika masharti hayo kuliko sisi. Alikuwa mbwa mkubwa mweusi, mwenye mvi usoni na nyonga zilizomuuma, na kila alipolala alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetoka shifti mbili mfululizo.

Kisha mdogo wangu Eli akatimiza miaka mitano, na mjomba, ambaye hakuwa na tabia ya kuuliza kwanza, akamletea kijibwa ndani ya boksi la ndizi. Eli akamwita Biskuti. Alikuwa mzuri, sikatai, lakini alikuwa na meno kama sindano na hakuwa na adabu hata chembe. Siku iliyofuata, tangu asubuhi alimrukia Hanki shingoni, akamvuta masikio, akaning'inia kwenye mkia wake. Hanki aligeuza uso. Biskuti akaja upande wa pili. Hanki akainuka kwa taabu, akahamia kona nyingine. Biskuti akamfuata. Ndipo Hanki akanguruma, sauti ya chini iliyotoka kifuani, ambayo mimi niliyekuwa nimelala pale niliisikia kwenye zulia kabla ya kuisikia masikioni. Biskuti akasimama, akamtazama, akarudi nyuma hatua mbili na kukaa chini. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Lakini nyumbani kwetu mambo hayakuachwa yaishe. Eli alilia kana kwamba ni yeye aliyengurumiwa, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hanki, wewe ni mkubwa. Mwachie mtoto."

Nyinyi mliozaliwa wa kwanza, mnaijua sentensi hiyo. Mimi niliambiwa hivyo Eli aliporarua daftari langu la hesabu, alipokunywa chai yangu, alipolala kitandani kwangu na kukilowesha. Mkubwa anapisha, mkubwa anaelewa, mkubwa hanuni. Na sasa mama alikuwa akimwekea mbwa sheria ya kifungua mimba, wala hakuona ajabu. Nadhani kwake ilikuwa heshima. Alikuwa amempandisha Hanki cheo, kutoka mnyama hadi mtoto wa kwanza.

"But Biskuti started it," nikasema, kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto.

"Huyo ana miezi mitatu," mama akajibu. "Na huyu mzee ana miaka kumi na tatu. Nani anafaa kujua better?"

Hanki akafungiwa gerejini. Biskuti akapewa kipande cha kuku cha kumtuliza. Nilikasirika hata nikasusia chakula cha jioni, na hakuna aliyegundua, kwa sababu Eli alikula na changu.

Huo ukawa mtindo. Biskuti anachokoza, Hanki ananguruma, Hanki anapelekwa gereji. Niliketi naye huko nimevaa koti, glavu na kofia, nikimwambia kwamba tumeonewa. Niliamini kwa dhati kwamba katika nyumba ile sisi wawili ndio tuliojua maana ya kuonewa.

Zamu yetu ya kukaribisha fellowship ikakaribia. Familia za kanisani kwetu zilizunguka kila mwezi, nyumba hadi nyumba, na mama alikuwa ameisubiri zamu hiyo kwa hamu na hofu, maana alishasikia kwamba akina mama fulani wanasema nyumba yake inanuka mbwa. Jumapili tukitoka kanisani, ndani ya gari, akatoa uamuzi.

"Huyo mzee akinguruma mbele ya wageni Jumamosi, Jumatatu anaenda kituo cha wanyama. Nimechoka."

Nikauliza nani atakayekwenda huko kuchagua mbwa mzee hivyo. Baba aliendelea ku-drive, macho barabarani.

"Mungu atamtafutia mtu," akasema.

Kwetu, baba akimwachia Mungu jambo, ujue yeye ameshanawa mikono. Nikaona kwamba Hanki hana mtetezi isipokuwa mimi, na kwamba nina siku sita.

Kila siku baada ya shule, mama akiwa kazini na baba amelala akisubiri shifti yake ya usiku, nilichukua chapati iliyobaki, nikaikata vipande vidogo, nikawaita mbwa wote wawili sebuleni. Nilimwacha Biskuti afanye uhuni wake. Hanki alipoanza tu kunguruma, nilimfumba mdomo kwa mikono miwili na kumnong'oneza, "Nyamaza, Hanki. Wewe ni mkubwa." Aliponyamaza, nikampa chapati. Siku ya kwanza alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Kufikia Jumatano alikuwa akianza, ananitazama, anaacha. Ijumaa hakutoa sauti hata moja. Biskuti alikuwa amening'inia shavuni mwake, na Hanki amesimama tu, midomo ikimtetemeka, weupe wa macho ukionekana. Nikamkumbatia. Sikuwahi kujivunia kitu chochote kama nilivyojivunia ukimya ule.

Jumamosi nyumba ikajaa. Viatu vilirundikana mlangoni, chai ilichemka, harufu ya pilau ikafunika harufu ya mbwa, na mama alitembea kwa raha kati ya wageni. Biskuti alikuwa amefungiwa chumbani, mpaka Eli alipomtoa ili awaonyeshe wenzake. Hanki alikuwa amelala miguuni pangu, kimya. Mama mmoja hata akasema, "Kumbe huyu wa kwenu ana adabu hivi," na mama yangu akatabasamu. Nikaona tumeshinda.

Tukasimama kuomba. Watu wote walifumba macho isipokuwa mimi, kwa hiyo niliona kila kitu. Biskuti alipanda mgongoni mwa Hanki, akakanyaga ile nyonga mbovu, akashika sikio na kulitikisa kwa nguvu zake zote. Hanki akaniangalia. Nikaweka kidole midomoni. Akanyamaza, kama nilivyomfundisha. Kisha, bila sauti yoyote, akageuka na kuuma.

Kelele ya Biskuti ilikata maombi. Wageni walipanda makochini, damu ikatiririka kwenye zulia, na kipande cha sikio la kijibwa kikawa kinaning'inia. Eli alilia mpaka akakosa pumzi.

"Na hata hakunguruma," mgeni mmoja akawa anarudia, ameshika kifua. "Amemrukia tu hivi hivi."

Nikamfuata mama jikoni kwa hasira. "You said no growling," nikamwambia. "He didn't growl. He did what you said."

"Nenda ukakae na mdogo wako," akasema.

Jumatatu niliporudi kutoka shuleni, bakuli la Hanki lilikuwa limeoshwa na kuinamishwa kando ya sinki. Hakuna aliyesubiri nimuage. Karibu mwezi mzima sikumjibu mama kwa lugha yoyote. Na hata nilipoanza kumjibu, lawama yangu niliihifadhi vizuri: ilikuwa ya mama na sheria yake, ya mjomba na boksi lake, ya akina mama wa fellowship na pua zao. Nimekua nayo.

Siku hizi nafanya kazi mjini Eden Prairie, kwenye kituo ambapo watu huacha mbwa wao asubuhi wakienda ofisini. Mama husema hakuvuka bahari ili mimi nilee mbwa wa watu. Majira ya baridi yaliyopita, mbwa jike mmoja mzee alimngurumia mbwa mdogo aliyekuwa akimsumbua, na kabla sijafikiri mkono wangu ulikuwa umeshamfumba mdomo. Mwenzangu Furaha, msichana wa Bukavu aliyefika huku na wazazi wake, akanishika kifundo cha mkono.

"Umuache aseme," akasema. "C'est normal, ni kawaida, anamufunza. Ukimukataza kusema, siku ingine atauma tu."

Nilikwenda chooni, nikafunga mlango. Kisha nikampigia mama simu, maana hatimaye nilikuwa na ushahidi. Nikamweleza kwamba kule kunguruma ndiko kulikokuwa malezi, kwamba Hanki alikuwa akimfundisha mtoto adabu na sisi tukimwadhibu kwa kazi nzuri, kwamba mbwa aliyenyimwa sauti hubakiwa na meno. Nilisema yote, hata zile chapati nilizomnyamazishia, miaka zaidi ya kumi ya maneno. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mimi nilimfokea karibu kila siku," akasema kwa upole, "na hakuacha. Huoni? Yule mbwa hakuwahi kunisikia mimi, wala baba yako. Alikuwa anakusikia wewe tu."

Alisema hivyo kunisifu. Mama alimwamuru Hanki anyamaze kwa mwiko na kwa gereji, naye akakataa, akaendelea kutuonya sote kwa sauti yake ya kifuani. Aliyemweza ni mimi, niliyempenda.