Chai ya Gesi ya Machinjioni

Nikisikia mtu anasema utafiti ni kazi iliyopooza, nacheka kwa hasira. Miezi ile ya kiwandani Kipawa nilikuwa naamka kabla ya adhana kwa hamu tu ya kuliona tenki langu.

Tulikuwa watatu katika ushirika ule. Chuo kilileta wazo, taasisi ya mifugo ikaleta mtaalamu wa bakteria, na kiwanda cha biskuti kikatoa uwanja wake. Mabaki ya matumbo ya ng'ombe kutoka machinjio ya Vingunguti yangeoza ndani ya tenki na kutoa gesi ya kuokea biskuti. Shahada yangu ya uzamili ilitegemea tenki hilo. Mwenye kiwanda, mzee wa Kiarabu asiyependa porojo, alishasema asipouona moto, tutafute kiwanda kingine.

Gesi ilipanda vizuri. Siku ya kumwonyesha nikavaa kitenge kipya, nikafungua koki, nikawasha kiberiti. Hakuna kitu.

Mama msimamizi wa usafi wa kiwanda akaja anatabasamu. "Sista, tenki lenu lilikuwa linanuka, na bosi anakuja. Sie jana tumelimwaga, tukalisugua lote kwa dawa."

Nilitaka kumrukia, kisha nikashikwa na kicheko. Katika kiwanda cha chakula kila kijidudu ni adui, na mgeni akija lazima pang'ae. Vikao vyote vya ushirika tulibishana nembo ya nani itangulie, asikumbuke hata mmoja wetu kumwambia yule mama kwamba mle ndani tunawafuga hao vijidudu.

"Shikamoo mzee," nikasema mwenye kiwanda alipoingia. "Moto umezimwa na usafi."

"Marahaba." Akatutazama sote. "Nawapa mpaka mwezi uandame mara mbili. Zaidi ya hapo mie sina subira."

Tukaanza upya. Mimi na mtaalamu tukaenda Vingunguti na ndoo, tukachota vya tumboni vikiwa bado vina joto. Tuliporudi, msimamizi alitupokea getini, pua kaifunga kwa kanga, akabeba nasi. Kuanzia hapo hakuna aliyelisogelea tenki bila kugombezwa naye.

Mzee aliporudi, moto uliwaka wa buluu, umetulia. Nilipiga vigelegele mbele ya wakubwa wa chuo, sikujali. Yeye hakupiga hata kofi. Aliagiza birika la chai libandikwe juu ya moto ule.

Chai ilipochemka, nikamtazama mzee. Moto uwake, hilo tulikuwa tumelipigania, lakini kula kilichopikwa kwa moto wa kinyesi ni jambo ambalo hakuna maabara iliyonifundisha. Yeye akikataa, nani mjini angenunua biskuti zile?

Akanusa kikombe. Akachovya biskuti, akala taratibu, akanywa, akarudia.

"Iliki imepungua," akasema, akaniinulia macho. "Tanuri kubwa mnaliunga na gesi lini?"