Mlango Uliowalazimisha Kunyanyua Paa

Saa moja na robo asubuhi, Jumapili, Kipimo amepiga magoti kizingitini, penseli sikioni, skrubu tatu mdomoni, anaibembeleza bawaba.

"Ingia, mpenzi. Ingia taratibu, usiniaibishe mbele za watu."

"Mpenzi!" mkewe anadakia kutoka upande wa jikoni. "Miaka ishirini na mbili ya ndoa mimi naitwa 'wewe'. Bawaba ya juzi tu, mpenzi!"

Watu wanaangua kicheko. Wapo kama ishirini, wamekaa juu ya matofali yaliyobaki, mwingine kaja na kikombe chake cha chai kabisa. Ukipita unaweza kudhani kuna mpira. Kumbe kinachotazamwa ni mlango. Lakini mlango wenyewe ukiuona, na wewe utatafuta tofali ukae.

Una urefu wa sentimita mia mbili na arobaini na upana wa mia moja na kumi. Mbao ngumu, nyekundu, zimechongwa maua kuanzia juu hadi chini. Nyumba unamofungwa ina vyumba viwili na sebule. Ni sawa na mtu kuvaa kandambili miguuni halafu kichwani taji.

Kipimo ana miaka arobaini na tisa na ni seremala. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakati ubao bila kuupima mara tatu. Siku sita kwa wiki anafunga milango upande wa pili wa ukuta mrefu unaoonekana nyuma ya mtaa wao, kwenye nyumba arobaini na nane za kifahari ambazo zimekuwa zikijengwa kwa miaka minne sasa. Huko amefunga milango zaidi ya mia tano. Nyumbani kwake palikuwa na kipande cha bati kilichofungwa kwa waya.

"Wanasema mganga hajigangi," anasema mkewe. "Huyu wangu hata kujipima homa hakutaka."

Leo anajiganga, na hana muda wa kupoteza. Saa tano mama yake anafika. Mama ana miaka sabini na minne, na ametoa neno lake: akishindwa kuingia mwenyewe kwenye nyumba hii, anarudi alikotoka, na asiitwe tena.

Nyumba ni yake huyo mama. Waliijenga yeye na marehemu mumewe, tofali kwa tofali, enzi hizo upande wa pili kukiwa bado ni mashamba. Mwaka juzi kisukari kikamchukua mguu wa kulia, akapata kiti cha magurudumu. Kiti kina upana wa sentimita sitini na sita. Mlango wa zamani ulikuwa na sitini na nane.

"Kwa hesabu, kilikuwa kinapita," anasema Kipimo. "Lakini magurudumu yanasukumwa na mikono, na mikono ya mama haikuwa kwenye hesabu. Kila akiingia, vidole vinachubuka."

Basi wakawa wanambeba. Mmoja kwapani, mmoja miguuni, hopla, ndani. Siku moja wakambeba mbele ya wageni. Mama akawa mkali. "Mimi si gunia!" alisema, na wiki hiyohiyo akahamia kwa binti yake, upande mwingine wa mji. Huko amekaa miezi saba.

Swali ambalo kila mtu angeuliza ni kwa nini seremala asipanue tu mlango. Kipimo anajikuna shingo. Mlango mmoja wa mbele kule nyuma ya ukuta, anasema, unauzwa kwa hela anayoipata yeye kwa miezi miwili. Jumapili ilikuwa siku ya kulala. "Na aibu nayo ni kazi, bwana. Nilikuwa naliona lile bati, nageuzia macho pembeni."

Kilichomwamsha ni kosa lake mwenyewe.

Asubuhi ile mama alipohama, Kipimo alikwenda kazini kichwa kikiwa hakipo. Alitakiwa kupima mlango wa mbele wa nyumba namba kumi na saba. Fundi wa milango husimama nje, ndipo anaandika bawaba zikae kulia au kushoto. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Kipimo akasimama ndani.

"Kulia kwa aliye ndani ni kushoto kwa aliye nje," anasema. "Hilo linafundishwa wiki ya kwanza. Mimi nilipima mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimesimama mahali sipo!"

Akachonga wiki tatu. Mlango ulipofungwa, ukafunguka vizuri na kwenda kugonga ngazi ya vioo. Kuugeuza haikuwezekana, maana maua yamechongwa upande mmoja tu; ukiugeuza, wageni wanatazama mgongo. Mwenye nyumba hakugomba. Alisema tu, "Sitaki huu," akarudi kwenye gari.

Kule kuna sheria ya mafundi: ukiharibu, umenunua. Kipimo akakatwa mshahara kwa miezi miwili, akachonga mwingine ulio sawa, na ule wa kwanza ukawa mali yake.

Huo wa pili upo mpaka leo namba kumi na saba. Mlinzi wa geti, ambaye hana mengi ya kufanya, anajua habari zake. "Tangu uwekwe umefunguliwa mara tisa," anasema. "Mwenyewe anakuja kwa msimu, kama maembe. Nyumba ina vyoo vitano na watu watatu. Hata wakiharisha wote kwa mpigo, viwili vinabaki vya wageni."

Siku ya kuuhamisha mlango uliokataliwa haitasahaulika mtaani. Waliubeba watu sita, wameufunika blanketi usipate mikwaruzo. Walitembea polepole kwa sababu ya uzito, na kimya kwa sababu ya kuhema. Walipoingia mtaani, redio zikazimwa. Mzee mmoja akavua kofia. Muuza mboga akaanza kulia kwa sauti, na watu wakajipanga nyuma kusindikiza.

Mbele ya nyumba ya Kipimo blanketi likateleza, ua likachungulia.

"Mlango?" muuza mboga akauliza, mashavu yamelowa. "Jamani, nimelia kwa ajili ya mlango? Nirudishieni machozi yangu!"

Kicheko hakijaisha, mkewe Kipimo akatoka na tepu ya mumewe mkononi. Akapima tundu la ukutani: urefu mia moja na tisini. Akapima mlango. Akaketi chini.

"Kata," alisema.

"Haukatwi," Kipimo akajibu. "Ukikata juu, unakata ua. Ukikata chini, unakata kiungo, na mwakani unafumuka kama kitabu kilicholowa."

"Kwa hiyo nyumba ndiyo iufuate mlango?"

"Tofali linaongezwa. Ua likikatwa halioti."

Jirani yao, mwashi, aliitwa kuamua ugomvi. Akaishia kuchukua kazi. "Nimejenga miaka thelathini," anasema. "Watu huleta mlango uliopimwa kwa nyumba. Hii ndiyo nyumba ya kwanza kuishona kwa kipimo cha mlango, kama suruali."

Zikaenda Jumapili sita. Tundu likapanuliwa, ukuta wa mbele ukaongezwa mistari mitatu ya matofali, ikamwagwa linta mpya, ile boriti ya zege ya juu ya mlango, mabati ya mbele yakanyanyuliwa, na nje ikajengwa slopu ya kupandishia kiti. Mtu akiitazama nyumba sasa, anaona kama imenyanyua nyusi kwa mshangao. Wiki mbili sebule haikuwa na paa. "Tukawa tunakula chini ya mawingu," anasema mkewe, "kama matajiri wenye baraza la ghorofani. Tofauti ni kwamba wao mvua ikija wanaingia ndani. Sisi tulikuwa tumeshaingia."

Saa nne kasoro robo, bawaba ya nne imekaa. Kipimo anatema skrubu ya mwisho, anasimama, anausukuma mlango kwa kidole. Unakwenda nusu, kisha unakwaruza sakafu na kugoma.

Waliokaa juu ya matofali wanasimama. Mwashi anaweka pimamaji chini, anainama, anakohoa. Sakafu imepanda kidogo upande wa ndani. Milimita nne.

"Hilo ni langu," anasema. "Nipe siku mbili nitalichonga."

"Mama yuko njiani."

Kipimo anautazama mlango muda mrefu. Halafu anang'oa pini za bawaba na kuwaita vijana waulaze. Anachukua randa na kupiga magoti tena. Maranda mekundu yanaanza kujikunja chini.

"Si ulisema haukatwi?" mkewe anamuuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Huku si kukata. Ni kunyoa."

"Haya, kinyozi." Anakaa kwenye kona ya mlango ili usicheze. Wanamaliza hivyo, mmoja anasukuma randa, mwingine anakandamiza. Saa tano kasoro dakika kumi mlango unarudi mahali pake. Kidole kimoja, na unafunguka mpaka mwisho bila sauti.

Mama anafika kwa gari la mkwewe, amevaa nguo ya kijani na kitambaa kipya kichwani. Anashushwa mpaka kwenye kiti. Binti yake anashika mishikio ya nyuma.

"Achia."

"Mama, slopu ina mwinuko."

"Nimesema achia. Slopu nimeiona, na mimi imeniona."

Anasukuma. Mara tatu, anapumzika. Mara mbili tena. Kipimo amesimama pembeni, ameshika penseli kwa mikono miwili kana kwamba itamkimbia. Gurudumu la mbele linagusa kizingiti kilicholazwa sawa na sakafu, linapita.

Katikati ya mlango mama anasimama. Anatanua viwiko vyote viwili, kushoto na kulia, kama kuku anayetaka kuruka. Havigusi kitu. Anatazama juu, kwenye maua, kisha anamtazama mwanawe.

"Sasa hapa ningeingia na baba yako tumeshikana mikono," anasema.

Kipimo anairudisha penseli sikioni. Muuza mboga anaanza kulia tena, na safari hii hadai kurudishiwa.

Mama anaingia. Anageuza kiti mwenyewe, ananyoosha mkono na kuusukuma mlango. Unafungwa. Kitasa kinasikika: klak. Watu wote wako nje.

"Hodi!" mkewe Kipimo anabisha.

"Nani?"

"Ni sisi, mama."

"Sisi ni wengi. Fundi yupo?"

"Nipo, mama," anaitika Kipimo.

Kiti kinasikika kikizunguka huko ndani, kikienda mbali, kikirudi.

"Mlango wa choo una ngapi?"

Kipimo anamtazama mwashi. Mwashi anatazama viatu vyake.

"Sitini na tano, mama."

"Na kiti changu?"

"Sitini na sita."

"Haya. Nitafungua nikishajua ni lini."

Nje kunazuka mkutano wa kunong'onezana. Mkewe anahesabu kwa vidole. Mwashi anaahidi matofali. Kipimo anachora mistari ukutani kwa penseli yake, anafuta, anachora tena.

"Jumapili tatu, mama!"

"Mbili. Nikikosa pa kujishikilia, mtanishika mkono mpaka siku hiyo, lakini ni mbili."

"Mbili, mama."

"Na huo usiuchonge maua," sauti inasema, na kitasa kinaanza kuzunguka. "Chooni siendi kutazama maua."